Nikikaa kimya ndipo mawazo yanapozidi

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 39, naishi Pasua hapa Moshi na watoto wangu watatu pamoja na mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa lori, anapiga safari za Tunduma, kwa mwezi tunakuwa naye siku sita au saba. Kazi yangu naifanyia mjini, barazani mbele ya duka la vitambaa. Tuko mafundi wanne, tumepangana cherehani kwa cherehani.

Naamka saa kumi na moja alfajiri. Nachemsha maziwa, napika uji wa mama mkwe kwa sababu hana meno, naandaa watoto, nafua kidogo, na saa mbili kasoro niko barazani. Nafunga saa kumi na mbili jioni, napitia Mbuyuni kuchukua mboga, nafika kupika. Kukiwa na kazi ya haraka nashona tena nyumbani mpaka saa sita usiku. Na msimu wenyewe ndio unakuja: Desemba na Januari ni sare za shule, sketi za marinda usiku na mchana.

Mwezi wa tano nilianza kuumwa kisogo kila jioni. Nikapimwa presha, 152 kwa 96. Nikarudi siku nyingine mbili, ikawa hivyo hivyo, nikaanzishiwa dawa. Daktari akaniambia, "Mama, punguza mawazo." Nikamuuliza yanapunguzwaje. Akasema nipumzike, nitembee kwa miguu, na akataja meditesheni, kwamba inawasaidia watu wenye kazi nyingi. Mdogo wangu aliyeko Arusha, ambaye yuko kwenye mambo ya utalii, akaniwekea programu kwenye simu. Ni sauti ya mwanamke, anaongea Kiingereza polepole, anasema kaa, funga macho, fuata pumzi, dakika 20.

Nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu nimeacha.

Mara ya kwanza niliamka saa kumi na nusu ili nipate nafasi kabla watu hawajaamka. Nilienda siku tatu. Siku ya nne nilibandika maziwa, nikakaa, nikasinzia palepale. Nikashtuliwa na harufu ya kuungua.

Mara ya pili nilihamishia usiku. Nilikaa sakafuni nimekunja miguu kama wale wa kwenye picha, magoti yakaniuma. Mama mkwe akanikuta gizani, akaogopa sana. Jumapili akamweleza mzee wa kanisa, naye akaniita pembeni akaniambia hayo ni mambo ya dini za Asia, na kwamba akili ikiachwa tupu kuna kitu kingine kitaingia. Mimi ni Mlutheri, naimba kwaya. Niliacha siku hiyohiyo.

Mara ya tatu ni mwezi uliopita, na hapa ndipo nilipochanganyikiwa. Mchana kutwa nikiwa kazini niko sawa, nashona, nacheka na wenzangu. Nikikaa tu kimya nikafumba macho, mawazo yanakuja kama maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, uliofunguliwa. Rejesho la kikoba la Jumatano. Ada ya mkubwa. Mteja wa gauni la sendofu ambaye nimemkatia kitambaa vibaya na bado sijamwambia. Mume barabarani. Na kaka yangu aliyefariki mwezi wa tatu. Sare za msiba wake nilizishona mimi, magauni 9 na mashati 5 kwa siku mbili, na nikifumba macho kile kitenge ndicho ninachokiona.

Kwa hiyo badala ya kupunguza mawazo nimeyaongeza. Mama, je, kuna watu ambao kitu hiki kimewakataa? Na mtu kama mimi nafasi ya kukifanya kila siku aipate wapi? Na je, ni dhambi?

Fundi wa Pasua, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu,

Pole sana kwa kaka yako. Umemtaja mwishoni kabisa, nyuma ya rejesho na ada na gauni la mteja, na ilibidi niisome barua yako mara mbili ndipo nikaona kwamba huenda yeye alistahili kutajwa wa kwanza. Nitamrudia.

Kwanza dawa. Endelea kumeza kila siku kama ulivyoelekezwa, hata wiki ambayo kisogo hakiumi, maana presha mara nyingi haiumi kabisa na hiyo ndiyo hatari yake. Haya nitakayokueleza hayachukui nafasi ya kidonge hata kimoja.

Sasa mawazo. Naona lugha yetu imekutega. Tuna neno moja na tunalitumia kwa vitu viwili. Mawazo ni yale yanayopita kichwani, chochote kile: bobini imeisha, mvua inakuja, yule dada amependeza. Na mawazo ni mzigo: "ana mawazo huyu", "amekonda kwa mawazo". Daktari alikwambia upunguze mzigo. Wewe ukaenda kukaa ili upunguze yale yanayopita, na kila lilipopita moja ukajihesabia umeshindwa. Yanayopita hayapungui kwa amri. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti ambamo watu wazima 2,250 waliulizwa kupitia simu zao, saa yoyote ya siku: sasa hivi unafanya nini, na akili yako iko wapi? Karibu nusu ya mara walizoulizwa, asilimia 47, akili ilikuwa imeenda kwingine. Na hao walikuwa watu kwenye maisha yao ya kila siku, wako kazini, wako njiani, wanakula. Kwa hiyo ule mfongo hukuufungua wewe ulipofumba macho. Maji yalikuwa yakipita mchana kutwa, ila cherehani ilikuwa na kelele kuliko yenyewe.

Neno kutafakari nalo lina shida yake. Wengi huita meditesheni kutafakari, na kwetu kutafakari ni kulichukua jambo ukaligeuzageuza mpaka ulione na upande wa pili. Mtu akikwambia kaa utafakari, utatafakari rejesho. Yako maneno mengine, taamuli, tahajudi, mazuri tu, lakini sijawahi kuyasikia sokoni. Mimi huita kutulia, basi. Ukiwa katika kutulia huna jambo la kuwaza wala la kufukuza. Una kitu kimoja tu unachokitazama, na wengi wamechagua pumzi kwa sababu haina gharama na huwezi kuisahau nyumbani.

Nikueleze nilivyoingia mimi. Nimekuwa muuguzi miaka 31, na mingi ya hiyo ni zamu za usiku wodini. Kati ya vipimo tunavyochukua, kimoja ni kuhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tulifundishwa tusimwambie, kwa sababu mgonjwa akijua tu kwamba pumzi yake inahesabiwa, anaibadilisha bila kukusudia. Basi unaendelea kumshika mkono kana kwamba bado uko kwenye mapigo ya moyo, saa ukiitazama kwa pembeni, macho yako kwenye shuka pale kifuani. Inapanda, inashuka, moja. Inapanda, inashuka, mbili. Huwezi kufanya hivyo huku unawaza mengine. Namba inapotea na unaanza upya. Usiku mmoja tulikuwa wawili kwa wagonjwa 28, na katikati ya mbio zile nikagundua kwamba dakika ya kila kitanda ndiyo dakika pekee ambayo mabega yangu yalikuwa yanashuka. Nilikuwa nimeifanya miaka mingi bila kuipa jina. Nilipostaafu zile dakika zikaisha, na presha yangu mimi mwenyewe ikapanda. Ndipo nikaanza kujihesabia za kwangu. Huu ni mwaka wa 9.

Nimekueleza hayo ili ujue namna ya kuitazama pumzi. Itazame kama muuguzi anavyoitazama ya mgonjwa aliyelala. Usiivute, usiirefushe, usiilazimishe iwe nzuri. Ikiwa fupi, iache iwe fupi. Ikishatoka yote, moja. Ikitoka tena, mbili. Mpaka kumi, unaishia hapo.

Na akili itaondoka. Itaondoka ukiwa kwenye nne, au kwenye mbili, na hutaiona ikiondoka. Utashtukia tu uko Tunduma na mume wako. Hapo ndipo wengi huacha wakisema kitu hiki kimewakataa. Lakini wewe kazi yako imeshakufundisha la kufanya. Uzi ukikatika katikati ya mshono unafanyaje? Unasimamisha gurudumu kwa kiganja, unalamba ncha ya uzi, unaipitisha kwenye tundu la sindano, unarudi nyuma mishono miwili mitatu ili ushike, unaendelea. Kwa siku hilo linakutokea mara ngapi? Sijapata kumsikia fundi akiita hiyo kushindwa kushona. Kule kushtuka na kurudi kwenye moja ndilo zoezi lenyewe, mwanangu. Ukiondoka mara kumi na ukarudi mara kumi, siku hiyo umefanya kazi nzuri sana, hata kama umeinuka unajiona hukutulia hata kidogo.

Nafasi sasa. Umeitafuta alfajiri ukaikosa, ukaitafuta usiku ukaikosa, na sishangai. Nimeipiga hesabu siku yako: kazi ikiwa nyingi, usingizi wako ni wa saa tano tu, na ile mara ya kwanza ukaupunguza tena nusu saa. Mwili unaodai usingizi ukiufumbisha macho mahali penye utulivu, unachukua haki yake. Kusinzia kule wala usikuonee aibu. Ila usiamke mapema kwa ajili ya jambo hili hata siku moja.

Lifanyie barazani. Ninavyowajua mafundi wa mjini, asubuhi ukifika unavua turubai, unafuta vumbi, unatia tone la mafuta huku na huku, unavuta kiti, unakaa, unatunga uzi. Kati ya kukaa na kutunga uzi, weka pumzi kumi. Nyayo zote mbili juu ya kanyagio, bila kukanyaga. Uusikie ubaridi wa chuma kama umevaa kandambili. Viganja juu ya meza ya cherehani. Macho yabaki wazi, yaangalie chini penye sindano. Wenzako watadhani unakagua sindano kama imepinda. Honi za bodaboda, redio ya jirani, wapiga debe, vyote viache vipite. Usivizibie masikio wala usisubiri viishe. Ukifika kumi, tunga uzi, anza kazi. Haifiki dakika moja.

Utaniuliza dakika moja inasaidia nini ikiwa ile sauti ya kwenye simu inataka 20. Zile 20 ulizifanya siku tatu, zikaishia kwenye maziwa yaliyoungua. Hizi kumi za pumzi nataka zikukute bado uko nazo mwakani. Wiki mbili za kwanza usiongeze, hata ukitamani. Wiki ya tatu hesabu kumi mara tatu. Msimu wa marinda ukipita, sogea mpaka dakika tano, na baada ya hapo utajipimia mwenyewe. Mimi leo nakaa dakika 15, na ziko siku nakaa tatu, naridhika. Zile za magoti kukunjwa sakafuni achana nazo, kiti chako cha kazi kinatosha. Na ile programu ikikusaidia jioni, isikilize. Isipokusaidia, ifute upate nafasi ya picha za watoto.

Mbona nimeing'ang'ania cherehani? Kwa sababu kumbukumbu ya kufanya jambo jipya ndiyo inayotushinda, kuliko hata jambo lenyewe. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amechagua kitu kimoja cha kufanya kila siku, amekifungia kwenye jambo ambalo tayari hulifanya, mathalani baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani zilipita siku 66 ndipo kitu kikawa kinafanyika bila kukumbushwa. Aliyewahi alitumia siku 18. Kwa waliokwenda polepole makadirio yalifika siku 254. Na waliokosa siku moja moja hawakuharibu kitu. Wewe umeacha siku ya nne, mwanangu. Siku ambayo umefika umechelewa na mteja ameshakalia benchi lako, ruka, msikilize mteja, kesho utakaa.

Liko na jingine dogo la katikati ya siku. Jioni moja mshike mwanao mdogo mkono, weka vidole viwili kwenye mshipa ulio chini ya dole gumba lake, mwambie avute pumzi polepole, kisha aitoe polepole. Utasikia moyo ukiongeza mwendo kidogo anapovuta, na ukipunguza anapotoa. Kwa watoto huonekana wazi kuliko kwetu watu wazima, lakini moyo wako pia hufanya hivyo. Kwa hiyo mteja akikugombeza mbele za watu, kabla hujamjibu itoe pumzi ndefu moja mpaka iishe. Hapa, tofauti na asubuhi, unairefusha kwa makusudi.

Umeuliza kama ni dhambi. Sitakuficha: kuhusu asili yake mzee wa kanisa hakudanganya. Zoezi la kukaa na kuitazama pumzi limetunzwa na Wabudha kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Marekani, alilichukua akaliacha bila ibada, akawapa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, mafunzo ambayo leo huchukua wiki 8. Madaktari wengi wanapokutajia meditesheni, wanamaanisha ya namna hiyo. Lakini kukaa kimya hakukuanzia wala hakukuishia Asia. Fungua Mwanzo 24 umwone Isaka jioni ametoka kwenda kondeni kutafakari. Zaburi ya 46 inasema, "Acheni, mjue ya kuwa mimi ni Mungu." Wamonaki wa Kikristo kwenye jangwa la Misri, tangu karne ya 4, walikaa peke yao wakirudia sala fupi, na baadaye Wakristo wa Mashariki wakaifunga sala pamoja na pumzi: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie." Na kama hapo barazani kuna fundi mwenzako Mwislamu, mwangalie akimaliza swala, vidole vinavyohesabu Subhanallah 33 bila haraka.

Hiyo habari ya akili tupu nayo isikutishe, kwa sababu hapa hakuna akili inayoachwa tupu. Ina pumzi na ina namba. Dhamiri yako ikisumbuliwa na namba, weka neno: pumzi ikiingia "Bwana", ikitoka "unihurumie". Nenda kwa mchungaji wako mwenyewe, umweleze unachofanya kama ulivyonieleza mimi, asije akakisikia kupitia hofu ya mtu mwingine. Na mama mkwe mweleze pia, mchana, mkiwa mmekaa na uji wake. Alimkuta mke wa mwanawe gizani, kimya, amefumba macho. Hata mimi ningeogopa.

Sasa kaka yako.

Nimeliwaza lile la magauni 9 na mashati 5. Nimekaa kwenye misiba mingi huku kwetu, na mara zote nawaona wale wanaoshona sare, wanaopika, wanaohesabu michango. Wengine wako kwenye mikeka wanalia wakishikana mikono. Wewe ulikuwa na futi shingoni, unawapima mabega wale wanaolia. Siku ya maziko kila mtu akavaa, akapendeza, na nina hakika wengi walikusifu. Kisha ukarudi barazani, kwa sababu rejesho la kikoba halisubiri matanga. Simjui kaka yako wala sikujui wewe, na nikikosea unisamehe, lakini naona mikono yako ndiyo iliyofiwa, na wewe mwenyewe bado hujakaa mkekani.

Kitenge hakiji kukuharibia zoezi. Kinakuja kwa sababu ndiyo mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu umekaa pasipo kitu mikononi. Ndiyo maana nimekwambia macho yabaki wazi, na pumzi ziwe kumi tu. Kikija ukiwa barazani usipigane nacho, na usikae nacho pale mbele za watu. Kanyaga nyayo zako kwenye kanyagio, itazame sindano, tunga uzi. Kesho utajaribu tena. Lakini kipe siku yake. Tafuta Jumamosi moja kabla marinda hayajaanza, wenzako wakushikie wateja, panda uende kihambani, kwenye shamba la ukoo wenu, alikozikwa. Nadhani moja kati ya yale magauni 9 ni la kwako. Livae. Kaa na dada zako au na mama yako, mtu ambaye hutahitaji kumpikia wala kumpima, na mumzungumze kaka yenu, alivyocheka, alivyokukera, alivyokuwa siku za mwisho. Ukilia, lia. Machozi hayo unayadai miezi hii yote.

Na kama baada ya hapo bado chakula hakipiti, usingizi unakataa hata ukiwa umechoka, au kinakujia kichwani kwamba kuishi hakuna maana, rudi hospitali na umwambie daktari hivyo hivyo bila kupunguza neno, akupeleke kwa wa afya ya akili. Nimefanya kazi na watu hao, wanasikiliza.

Rejesho, ada, na lile gauni, kutulia hakutavilipa. Nakwambia hivi kwa sababu nimeona watu wakiuziwa meditesheni kama dawa ya kila kitu. Mapitio makubwa ya tafiti 47 yaliyochapishwa Marekani mwaka 2014 yalikuta inapunguza wasiwasi na maumivu kwa kiasi, kidogo hadi cha kati, na hayakukuta kwamba inazidi dawa wala mazoezi ya mwili. Kwa hiyo ule ushauri wa kutembea kwa miguu uufuate vilevile. Ukishuka kituo kimoja kabla, umeshaanza. Mume akirudi safari hii, kaeni usiku mmoja mwandike madeni yote kwenye karatasi moja, la kikoba na mengine, na kama katika hayo kuna mkopo wa kausha damu uwe wa kwanza kumalizwa. Sare za Januari usishike hata kitambaa kabla ya kuchukua kianzio. Na yule mteja wa sendofu mpigie simu leo. Mwambie umekosea kukata, mpe njia mbili za kurekebisha, achague. Atakasirika, ndiyo. Lakini hilo ni katika yale mawazo ambayo yanapunguzika kweli, na linapunguzika kwa simu ya dakika tatu.

Anza Jumatatu. Jumapili usihangaike, una kwaya. Ukienda kupima presha andika namba kwenye daftari lako la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, na tarehe yake. Mwezi wa pili, marinda yakiisha, niandikie unitajie hizo namba, na uniambie kihambani kulikuwaje.

Mama yako, Machame